Mama Meli, Aliyestaafu Kwetu

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Sisi tulimwita Mama Meli, na hata yule ofisa aliyekuja kila mwaka kukagua karatasi zake za ukaazi alianza kumwita hivyo hivyo. Alikuwa mhudumu katika meli ya abiria iliyotoka Kigoma, na aliifanya kazi hiyo mpaka nywele zikamgeuka nyeupe. Wenzake walipostaafu walijenga nyumba kwao, wakafungua vioski, wakalea wajukuu. Yeye alivuka ziwa, akapanga vyumba viwili hapa Baraka, upande wa Kongo, mji ambako hakuwa na ndugu hata mmoja.

Nilimuuliza sababu mara nyingi, na kila mara alinipa jibu jingine. Mara ni hewa. Mara ni samaki. Siku moja tu, tukichambua mchele nyuma ya nyumba yake, alisema kitu nilichokiamini.

"Mliporudi kutoka makambini Tanzania, mimi ndiye niliyewagawia chai melini. Safari baada ya safari. Tunafika hapa, mnashuka na magodoro, masufuria na kuku, mnapotelea kule barabarani, sisi tunageuza meli. Sikujua hata mmoja wenu alifika wapi. Hilo lilinisumbua."

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto walioshuka vile. Chai siikumbuki, wala yeye simkumbuki. Nakumbuka mama yangu alipiga magoti akabusu mchanga mbele ya watu wote, nami nikaona haya. Nilipomsimulia hayo, Mama Meli aliacha mchele.

"Wengi walibusu," alisema. "Sisi juu tulikuwa tunaangalia pembeni."

Kiswahili chetu kilimkera. Mtoto akija kubisha hodi na kuuliza, "Mama iko?", alimjibu kutoka ndani: "Meza ndiyo iko. Mama yupo au hayupo?" Mtoto alifikiri kidogo, kisha akapaza sauti kwa mwenzake njiani: "Haiko!" Wakaondoka. Alicheka mpaka akashika ukuta, lakini kesho yake aliendelea kusahihisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilisomea madarasa ya kwanza kambini, kwa hiyo alinichukulia kama mtu wa upande wake. Sikuwa wa upande wake. Nikiwa naye nilisema "yupo", nikiwa sokoni nilisema "iko", na alijua.

Chakula chetu nacho alikisema. Bugali wa muhogo, kwa maneno yake, ulinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Alisema hivyo huku akimega tonge, na sahani yake ilirudi safi kuliko zote. Ulipopika sombe, kisamvu chetu, ukamsahau, alikununia siku tatu.

Watu wanaomsifu leo husema alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na ukali wa saa, ule wa watu waliozoea kengele. Ukimwambia utakuja saa nne, saa nne na robo alikuwa amefunga mlango, na ulimsikia humo ndani akiimba, asikufungulie. Lakini kwa mgonjwa aliweza kukaa usiku na mchana bila kuhesabu saa, akimfuta jasho, akimsimulia mambo ya melini: bibi harusi aliyekataa kushuka, mbuzi aliyekula barua za posta. Baadhi ya visa vile alivitunga. Nilimkamata mara mbili, mbuzi akiwa kondoo.

Kitu cha kwanza alichokijenga Baraka kilikuwa kikao cha Jumamosi. Aligundua kwamba hakuwa mstaafu wa kigeni peke yake. Palikuwa na mzee wa Zambia, karani wa zamani wa bandari kule Mpulungu, ambaye alimfuata mke Mbembe, wa kabila la hapa, akafiwa naye, akabaki. Tulimwita Mzee Karani. Palikuwa pia na mwalimu wa Burundi aliyekuja kwa pikipiki kutoka Lusenda, kambi ya wakimbizi. Huyo alisema yeye hakuchagua kustaafia nje, amestaafishiwa. Mama Meli alimwambia akae, chai inapoa.

Walianza kwa woga mmoja, na walikuwa wanausema wazi: nani atatuzika? Mtu wa hapa akifa, ukoo wote unajaa uani. Wao wakifa, labda mwenye nyumba angekuja kuuliza habari za vyumba. Basi wakakubaliana. Mmoja akiugua, wawili watamlinda. Mmoja akifa, waliobaki ndio ndugu. Hakuna kingine kilichoandikwa.

Lakini wazee watatu waliozoea kazi hawawezi kukaa kila Jumamosi wakingoja kufa. Mzee Karani alichukua meza yake akaiweka karibu na bandari ya mitumbwi, akawa anawaandikia watu barua na kuwajazia fomu, bure. Mwalimu yule wa Burundi alianza kufundisha akina mama kusoma, kwenye ukumbi wa parokia. Na Mama Meli, ambaye hakuwa na ufundi wa kalamu, alikaa wiki kadhaa akiangalia boti zinazokwenda rasi ya Ubwari na kurudi, zimejaa magunia na wanawake. Jumamosi moja akawauliza wenzake: "Katika hawa wanawake, wangapi wanajua kuogelea?"

Mzee Karani akasema, "Wanaume wanajua."

"Sikuuliza wanaume."

Hivyo ndivyo alivyopata kazi yake.

Alitafuta ghuba ndogo, mbali kidogo na bandari, ambako wanaume walizoea kuoga asubuhi. Alikwenda akasimama mchangani, akawapa mgongo, akasema kwa sauti, "Baba zangu, kuanzia wiki ijayo saa hizi ni zetu. Sitaki kuwakuta, na nyinyi hamtaki kunikuta." Wakahama. Wavuvi aliwauliza habari za mamba kabla hajaingiza mtu majini, na kila asubuhi aliwauliza tena. Tuliingia na suruali za zamani na vikwembe tulivyovipitisha katikati ya miguu na kuvifunga kiunoni. Kila mmoja alibeba bidoni, dumu tupu la mafuta ya kula, la kukumbatia kifuani. Tulikuwa sita mwanzoni. Baada ya mwezi tulikuwa kama ishirini, na kelele zetu zilifika barabarani.

Kelele hizo zilimleta mchungaji mmoja, mtu mzuri, mwenye wasiwasi. Alikuja nyumbani kwa Mama Meli na wazee wawili wa kanisa. Nilikuwapo, namsaidia kuanika dagaa.

"Mama, sisi hatukatale," mchungaji alisema. "Lakini bantu banauliza. Mwanamuke akijua kuogelea, atafika wapi?"

"Nyumbani kwake, baba."

"Sijasikia muzuri."

"Mtumbwi ukizama katikati ya ziwa, mwanamke anayejua kuogelea atafika nyumbani kwake. Asiyejua utamzika wewe."

Mchungaji aliaga. Wiki iliyofuata mke wake alikuja, na bidoni jipya kuliko yetu.

Mzee Karani alikufa mwaka ule ule, moyo, akiwa kwenye meza yake. Shefu, mkuu wa mtaa, alikuja kuuliza mambo ya mazishi, na aliuliza swali lile lile walilokuwa wakiliogopa.

"Ndugu ya huyu muzee ni nani?"

"Mimi," Mama Meli akajibu. "Ni dada yake."

Shefu akamtazama. "Mama, we uko Mutanzania. Yeye iko Muzambia. Mutakuwa kaka na dada namna gani?"

"Baba yetu alisafiri sana."

Uani watu walicheka, kwenye msiba, na Mwalimu alicheka huku machozi yakimtoka. Shefu aliandika: dada. Mama Meli alikaa chini kwenye mkeka siku zote za kilio, akipokea pole. Alikuwa Mwislamu, marehemu alikuwa Mprotestanti, na siku ya ibada alikaa kiti cha mbele kanisani na ushungi wake. Alilia kama dada. Nilimwona, na naweza kusema hakuigiza. Watu wote ambao Mzee Karani aliwahi kuwaandikia barua walikuja, na walikuwa wengi kuliko viti, na kuliko mikeka.

Baadaye vita vya kule juu milimani vilizidi, watu wakashuka. Wanawake kutoka Bibokoboko, na wengine waliotembea kutoka upande wa Minembwe, wakaja kuishi pembezoni mwa mji. Walikuwa watu wa ng'ombe na mashamba ya baridi. Wachache wao walikuja ghubani, wakasimama mbali. Mama Meli aliwaita. Somo la siku ile lilikuwa kulala chali majini, mmoja akimshikia mwenzake kichwa. Mwenzetu mmoja, ambaye kaka yake aliuawa kwenye vita vile, alikataa.

"Mi siwezi. Huyu wa kule asinishike kichwa."

Mama Meli hakumhubiria. "Basi lala bila kushikwa," alisema.

Mwenzetu alijaribu, akanywa maji, akasimama akikohoa. Akajaribu tena, akanywa tena. Mara ya tatu mwanamke wa Bibokoboko aliweka mkono chini ya kisogo chake bila kuombwa. Sitaki kudanganya kwamba walikuwa marafiki baada ya hapo. Sijawahi kuwaona wakitembeleana. Lakini kila wiki walishikana vichwa.

Sasa nifike kwa Riziki, kwa sababu ukimzungumza Mama Meli ukamruka Riziki, watu wa Baraka watasema umemremba.

Riziki alikuwa mwanafunzi wake bora. Msichana mwenye mabega mapana, aliyeuza unga Ubwari pamoja na mama yake. Aliogelea mpaka kwenye mitumbwi ya wavuvi na kurudi, akicheka. Mama Meli hakuwa na desturi ya kusifu, lakini Riziki akiingia majini uso wake ulibadilika. Siku moja boti la mchana lilikuwa limejaa kupita kiasi, upepo umeanza, na wanawake kadhaa walishuka. Riziki hakushuka. Walimsikia akisema, "Mi najua kuogelea. Ninaogopa nini?"

Boti lilipinduka kabla ya kufika nusu. Waliookoka walisimulia kwamba Riziki alimshika mtoto wa abiria mmoja akamweka juu ya gunia lililokuwa likielea, akarudi kumchukua mama wa mtoto, akamfikisha pia. Kisha akarudi mara ya tatu.

Mama Meli alikwenda kwenye kilio. Nilikuwa nyuma yake. Alinyoosha mkono kwa Mama Riziki, na Mama Riziki aliuangalia ule mkono, hakuushika. Kando, watu walikuwa wanasema bila kuficha: "Ni huyu alimudanganya mutoto. Alimufundisha kuzarau maji." Mama Meli alikaa mpaka jioni, kama inavyotakiwa, akaondoka.

Alifunga masomo. Asubuhi tuliokwenda ghubani tulikuta mchanga mtupu. Nilimkuta nyumbani amekaa, saa nne, saa nne na robo, saa tano, mlango wazi. Nilimwambia kwamba Riziki aliokoa watu wawili. Akasema, "Nilimfundisha mikono na miguu. Kichwa sikumfundisha." Mwalimu alikuja kila Jumamosi, akakaa naye, chai ikapoa, akarudi Lusenda. Mpwa wake alipiga simu kutoka Kigoma, akamwambia arudi, chumba kipo. Alianza kukunja nguo.

Arobaini ilikuwa imepita siku Mama Riziki alipoingia uani. Alikuwa amemshika mkono binti yake mdogo, Neema, wa miaka kumi hivi. Hakuketi. Nilitaka kuondoka, lakini Mama Meli alinishika nguo.

"Sikukuya juu ya kukusamehe," Mama Riziki alisema. "Ile bado."

"Nimesikia."

"Lakini huyu naye atapanda mutumbwi, nipende nisipende. Unga itauziwa wapi? Umufundishe."

Mama Riziki akaongeza: "Na umufundishe kushuka. Ile ya kwanza hukumufundisha kushuka."

Akauacha mkono wa mtoto, akaondoka.

Tangu hapo, somo la kwanza halikuwa tena majini. Alituketisha mchangani, mbele ya boti zinazopakiwa, akatuonyesha mstari wa rangi ubavuni mwa boti. Mstari ukizama, hupandi. Alitufundisha kusema "Mi sipande" kwa sauti, wote pamoja, kisha mmoja mmoja, maana alisema ni rahisi kuogelea kuliko kukataa mbele za watu. Mwenye lile boti lililopinduka alikuja kumgombeza kwamba anamharibia kazi. Alimkaribisha kiti na chai, akamwuliza alipoteza watu wangapi siku ile. Mwenye boti hakuinywa chai, lakini alikaa na kikombe mkononi muda mrefu. Mama Riziki hakuwahi kumsamehe Mama Meli, nijuavyo. Alimsalimia kwa kichwa, na kila mwezi alimpelekea unga. Mama Meli aliupika ule unga, akaula, na siku hizo hakutania harufu yake.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Sukari imemharibia miguu. Anatembea kwa fimbo, hatua chache chache. Majini sasa ni Neema anayesimama mbele ya wanawake, na nasikia ni mkali. Mpwa wake alikuja mwenyewe safari hii, kijana mwenye adabu, akamwomba kwa magoti arudi Kigoma. Mama Meli alimpikia, akamlaza, akamsindikiza bandarini, akarudi ndani.

Siku niliyokwenda alinipokea mlangoni, akasema anataka kufika ziwani. Tulikwenda polepole. Jua lilikuwa limeshapanda, wanafunzi wa asubuhi wameondoka, ghuba ilikuwa tupu. Alikaa juu ya gogo ambalo wavuvi hukaushia nyavu. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni kuona alivyokuwa anahema.

"Mama, mi niko na neno," nilisema. "Miaka yote ile, mimi sikuogelea. Nilikuwa nagusa chini."

Hakugeuka. "Najua."

"Unajua?"

"Ulikuwa unapiga mikono kuliko wote, na mabega yako hayakuwahi kulowa. Unadhani nilikuwa naangalia nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuja." Alichora kitu mchangani kwa fimbo, akakifuta. "Unaogopa nini?"

Nilimwambia. Mama yangu alipobusu ule mchanga, mimi nilikuwa nimegeuka nyuma, naangalia meli inavyoondoka, na maji yale yote yaliyobaki kati yetu na tulikotoka. Niliona ni mengi mno. Sijawahi kumweleza mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Una nguo ya kubadilisha?"

"Sina."

"Basi utarudi nyumbani umelowa. Ingia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mimi ni mama wa watoto wanne, mwalimu anayeamkiwa na nusu ya mji huu, na nilivua viatu, nikavipanga juu ya gogo kando yake, nikafunga kikwembe changu kiunoni. Maji yalikuwa baridi mpaka magotini, kisha hayakuwa baridi tena.

"Endelea," alisema.

Yalifika tumboni. Yalifika kifuani. Niligeuka kumwangalia, mzee mmoja mdogo juu ya gogo, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Usiniangalie mimi. Mimi siwezi kuja huko. Endelea."

Yalifika mabegani, yakayalowesha. Chini ya vidole vyangu mchanga ulikuwa unateremka, na hatua moja mbele sikuwa na uhakika kama upo.

"Hapo," sauti yake ilisema. "Vuta pumzi."

Nikavuta pumzi, nikainua miguu.